UZI: Injini ya 2C hupasuka hedi kwa ubovu wake, au tunaziua wenyewe?

#1 Mtoto wa Konde
Asalaam alaykum wana jukwaa. Nataka kununua TownAce ya mtumba, kile kigari cha Toyota, yenye injini ya dizeli ya 2C-T, yaani 2C yenye turbo, nibebee mizigo hapa Pemba, Konde, Wete na Chake, na msimu wa karafuu ukifika nipakie magunia. Bei imekaa vizuri na bodi haijaliwa sana na kutu. Lakini kila fundi ninayemuuliza ana neno moja tu mdomoni: hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda. "Hiyo itakupasukia hedi." Basi! Hakuna anayenambia kwa nini.

Mie nakataa kuamini kwamba injini iliyouzwa dunia nzima kazi yake ni kupasuka tu. Ami yangu alikuwa na Corolla yenye 2C, akaiendesha mpaka bodi ikaoza na injini bado inawaka kwa mpigo mmoja. Nasema injini haina kosa, sisi ndio tunaoziua. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, lakini aje na sababu.

#2 Fundi Hedi
Waalaykum salaam. Sababu hii hapa. Bloku ya 2C ni chuma cha kusubu, hedi yake ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Vitu viwili vimefungwa pamoja kwa bolti, kila kimoja kinataka kwenda kwake. Ikiwa joto ni la kawaida gasketi iliyo kati yao inavumilia. Gari ikichemsha mara moja tu, hedi inapinda katikati, au inapasuka.

Na mpasuko una mahali pake. Ukishaiosha hedi kwa dizeli ukaifuta vizuri, angalia kati ya valvu ya kuingiza na ya kutolea. Utaona mstari mwembamba umeanzia kwenye kiti cha valvu ya kutolea, unakwenda mpaka kwenye kile kikombe cha chuma cha chumba cha moto. Hapo ndipo penye joto kali na chuma chembamba, na ndipo maji yanapopata tabu kupita. Nimezifungua nyingi, mstari ni ule ule. Huo ni mchoro wa injini, si tabia ya dereva.

#3 Kipanga wa Bububu
Fundi umemaliza. Nami naongeza: 2C ni injini ya 2200, ina cheni, nguvu yake kubwa kuliko hedi yake. Ndiyo ile ile iliyomo kwenye HiAce za daladala, na zile mbona hazipasuki ovyo? Wapemba mnapakia gari mpaka pua inaangalia mawinguni, halafu mnauliza kwa nini imechemsha.

#4 Mzee wa CE
Kipanga, pole pole baba. 2C ni sisi (cc) 1974. Ya 2200 unayoisema ni 3C, yenye sisi 2184. Kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 86, ila 2C pistoni inatembea milimita 85 na 3C inatembea 94. Mdogo wao 1C ana kipenyo cha 83, ndiyo maana akawa 1839.

Cheni hakuna. Ni mkanda wa taimingi, nao huzungusha kemshafti inayofungua valvu, na pampu ya dizeli. Ukikatika valvu zinagongana na pistoni, maana kwenye dizeli nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno. Ndiyo maana kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, inawaka gari ikifika kilomita 100,000 kukukumbusha ubadilishe. Huku kwetu watu hutoa balbu.

Na HiAce haina 2C. Soma kibati cha namba ya chesisi: herufi ya kwanza ni ukoo wa injini. LH ni HiAce yenye injini za L, yaani 2L, 3L, 5L. CE ni Corolla yenye C. CR ni TownAce na LiteAce zenye C. Ukijua hilo hudanganywi na dalali.

#5 Kipanga wa Bububu
Cheni au mkanda, gari ya kubebea karafuu hapo bado haipo.

#6 Mwana Fuoni
Mzee wa CE ahsante kwa somo la kibati, nimetoka nje kuangalia ya kwangu: CE kweli.

Corolla hiyo naiendesha mwenyewe kila siku Fuoni hadi mjini, na shamba Chwaka wikiendi. Ilipata kuchemsha. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, akatoa themostati akaitupa, akanambia "hizi ni za nchi za baridi, Zanzibar haina kazi nayo." Kwa miezi kadhaa geji ikawa chini sana, nikafurahi. Siku nimepakia watu mchana wa jua kali, geji ikapanda bila breki. Fundi mwengine akarejesha themostati mpya na gari ikatulia mpaka leo. Nisichokielewa ni hiki: kitu kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta, vipi kukitoa kukaongeza joto?

#7 Maalim wa Fizikia
Da Mwana Fuoni, suali zuri. Themostati za injini nyingi za Kijapani zina diski mbili. Injini ikiwa baridi, ile kubwa inafunga njia ya rejeta. Ikishapata moto, ile ndogo inafunga njia ya mkato, ambayo maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi ndani bila kupozwa. Safari nyepesi huoni kitu, mzigo ukija inakuumbua.

Tena tazama pembeni ya themostati utaona kitundu chenye kipini kinachocheza. Hicho ni cha kupitishia hewa, na lazima kielekee juu unapoifunga. Kikielekea chini, hewa inabaki imekwama nyuma ya themostati.

Kuhusu hoja ya Fundi Hedi nina la kuongeza. 2C haimwagi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Inamwaga ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye hedi, hewa inaingia ikizunguka kwa kasi, moto unaanzia humo ndipo unatoka kwenda kusukuma pistoni. Ni fikra ya Muingereza Harry Ricardo ya miaka ya 1930, na magari madogo mengi ya dizeli yalitumia mtindo huo mpaka miaka ya 1990. Faida yake injini haina kelele nyingi na inakubali kuzunguka haraka. Hasara yake moto unawaka ndani ya hedi yenyewe. Hewa inabanwa mara 23. Kwa hiyo hedi ya 2C inabeba joto ambalo kwenye injini za sindano ya moja kwa moja hubebwa na kichwa cha pistoni.

#8 Mtoto wa Konde
Maalim, kama ni hivyo mbona Corolla ya ami haikupasuka? Chumba kile kile, aluminiamu ile ile.

#9 Dereva wa Shamba
Hapo ndipo ninapoingia mie. Nimeendesha TownAce na LiteAce kwa umri wangu mwingi, njia ya Makunduchi na ya Nungwi. Injini si ile, mahali ilipowekwa ndipo penye kesi.

Kwenye Corolla injini iko mbele, upepo unaipiga, rejeta iko usawa wake. Kwenye TownAce ya zamani injini iko chini ya kiti cha dereva. Umeikalia. Upepo unaipata kwa taabu, joto la turbo linabaki humo humo, na mpira wa chini ya kiti ukichanika unaungua mapaja. Tena maji yanatembea safari ndefu kwa mapaipu mpaka mbele kwenye rejeta, na mengine yanakwenda nyuma kwenye hita ya abiria. Hita ya abiria Zanzibar! Nani anaiwasha? Yale mapaipu ya nyuma yanaoza kwa kutu na chumvi, yanavuja tone tone chini ya gari huoni, maji yanapungua, hewa inaingia.

Na hewa ikiingia hupanda mahali pa juu kuliko pote. Kwenye gari hizi pa juu kuliko pote ni hedi. Kitangi cha akiba kimekaa chini, unakiona kimejaa, roho inatulia, kumbe hedi imekauka. Geji nayo ikikaa kwenye hewa haisomi sawa. Unakwenda zako unaona sindano iko nusu, hedi inaiva.

#10 Fundi Hedi
Dereva wa Shamba, nakukubalia mambo ya hewa. Lakini Corolla zenye 2C nazo nimezifungua zikiwa na mstari ule ule. Chache, ndiyo. Lakini zipo. Kwa hiyo mahali pa injini panaharakisha tu.

#11 Bi Mkubwa wa Paje
Mie si fundi, ila mume wangu alikuwa na LiteAce na mie ndiye niliyekuwa natia maji asubuhi. Kwa hiyo niachieni niseme.

Nyote mnazungumza aluminiamu na turbo. Hakuna aliyeuliza maji gani. Huku kwetu ardhi ni mawe ya matumbawe, maji ya kisima yamejaa chokaa. Tazama birika lako la chai ndani, ule ukoko mweupe unaokwangua kwa kisu. Sasa gari inachemshia maji hayo hayo kila siku, tena yakipungua unaongeza mengine na chokaa nyengine. Visima vya karibu na pwani vina chumvi pia. Rejeta ya mume wangu ilipokatwa na fundi kuzibuliwa, vile vijinjia vyake vilikuwa vimeziba nusu, unga mweupe umegandana na kutu. Hedi ina njia nyembamba zaidi. Itapumua vipi?

#12 Mzee wa CE
Bi Mkubwa Mungu akupe umri. Hili ndilo. Kiwandani mfumo ule ulitengenezwa utiwe kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na si kwa ajili ya kuzuia barafu tu. Kulanti ina dawa inayozuia aluminiamu kuliwa. Chuma, shaba ya rejeta na aluminiamu vikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa kwanza. Nimeona hedi haina mpasuko hata kidogo, lakini pembezoni mwa matundu ya maji imeliwa mpaka gasketi haina pa kukanyaga.

Kama huna kulanti, angalau maji ya mvua. Yakingwe yakiwa safi, hayana chokaa.

#13 Mpemba wa Mjini
Kipanga (#3 na #5) umekimbilia wapi? Mlima wa kupanda unaujua? Unguja nzima mnaendesha juu ya meza. Njoo uendeshe Mkoani mpaka Chake na gari imepakia, panda shuka, panda shuka, gia ya pili, ndipo utajua joto ni nini. Gari hizo hizo zilizotulia Unguja zikivushwa huku zinaanza kuchemsha. Kwa hiyo mie nasema milima.

#14 Kipanga wa Bububu
Nipo. Mpemba wa Mjini, si unaishi Michenzani ya Unguja mjini wewe? Mara ya mwisho kupanda mlima lini?

Lakini nina suali la kweli. Kama ni milima, 2C isiyo na turbo ina nguvu farasi 73 tu. Hiyo mlimani ndiyo ingeteseka zaidi, maana inakanyagwa mpaka mwisho. Mbona nasikia zenye turbo ndizo zinazopasuka kwa wingi?

#15 Fundi Pampu
Salaam. Suali la Kipanga jibu lake liko kwenye pampu, na hapa mafundi wenzangu watanuna.

Turbo inasukuma hewa nyingi, hewa nyingi inaruhusu dizeli nyingi, dizeli nyingi ni joto jingi. Lakini kiwanda kimepima. Pampu ya 2C ni ya mtindo wa Bosch VE, ya kuzunguka, ina kichwa kimoja kinachogawa dizeli kwa silinda zote nne. Nyuma yake kuna skrubu ya kiasi cha dizeli, ilifungwa na kutiwa alama isiguswe. Mwenye gari analalamika "haivuti", fundi anachukua spana anaizungusha. Gari inavuta kweli, moshi mweusi nyuma, mwenye gari anashukuru anaondoka. Ameshapandisha joto la moshi unaotoka kwenye silinda, na huo ndio unaopita kwenye kile kiti cha valvu alichokitaja Fundi Hedi kwenye #2. TownAce inayotoa moshi mweusi mlimani, mie sitaki hata kujua habari za hewa na kisima. Hiyo imeguswa.

La pili. Pampu hii hupata ulaini wake kutoka kwenye dizeli yenyewe, haina oili yake mbali. Wanaochanganya mafuta ya taa ili waokoe pesa, mafuta ya taa ni mepesi, pampu inasagika. Na dizeli ya madumu huko shamba ina maji. Chini ya filta kuna kifundo cha kumwagia maji, nina hakika wengi hapa hawajakifungua tangu wanunue gari.

#16 Fundi Hedi
Fundi Pampu mie sinuni, skrubu ni kweli. Lakini zipo zilizokuja na alama ya kiwanda haijavunjwa, nazo zikapasuka. Utaniambia nini?

#17 Fundi Pampu
Nitakwambia hujui zilichemsha mara ngapi kabla hazijapanda meli. Mtumba ni mtumba.

#18 Ngalawa ya Micheweni
Niruhusuni nitoke barabarani kidogo. Mie 2C yangu iko baharini. Nimeifunga kwenye mashua ya kuvulia, 2C kavu isiyo na turbo, ilitoka kwenye gari iliyooza bodi. Ndani inazunguka kulanti, na nje nimeweka kipoza, tangi la mirija ambalo maji ya bahari yanapita na kumwagwa, hayaingii kwenye injini abadan. Inakwenda usiku kucha kwa mzunguko mmoja, mzigo mzito, na geji haitikisiki. Kama hedi ni mbovu ya kuzaliwa, hii ingekuwa imeshanizamisha.

#19 Dereva wa Shamba
Mnasikia? Hewa haina pa kukwama, kipoza kiko juu ya injini, imekwisha hiyo.

#20 Bi Mkubwa wa Paje
Kipoza tu? Kasema ametia kulanti. Maji safi hayo!

#21 Fundi Pampu
Kasema haina turbo.

#22 Maalim wa Fizikia
Nyote mmeipata ushahidi wenu kwenye mashua moja. Mie naangalia jambo jengine: mzunguko mmoja usiku kucha. Kinachoipasua aluminiamu si joto peke yake, ni kupanda na kushuka kwa joto. Daladala na gari ya mizigo inapanda mlima, inasimama, inazimwa ingali ya moto, inawashwa tena, mara nyingi kwa siku. Kila mara hedi inatanuka na kunywea. Mashua inapata moto mara moja na kupoa mara moja. Na maji ya bahari yetu hayapiti nyuzi 30 au karibu na hapo mwaka mzima, kipoza gani cha barabarani kitapata baridi hiyo kwenye jua la saa saba?

Ndiyo maana wenye turbo wanaambiwa waiache injini iungurume dakika moja mbili kabla ya kuzima. Turbo inapozwa na oili. Ukizima ghafla, oili inasimama na kuungua ndani ya beringi zake.

#23 Mwana Fuoni
Maalim, kwa hiyo utingo anayempigia kelele dereva "zima, unamaliza dizeli" ndiye muuaji?

#24 Dereva wa Shamba
Mwana Fuoni umenichekesha peke yangu hapa. Huyo utingo namjua.

#25 Mtoto wa Konde
Nashukuru wakubwa. Naona kila mmoja kashika mkia wake na mie gari naenda kuiangalia Jumamosi. Niambieni nitaijuaje kama hedi imeshapasuka kabla sijatoa pesa?

#26 Fundi Hedi
Mwambie mwenye gari asiiwashe mpaka ufike. Nenda asubuhi, gari imelala. Kabla ya kuwasha, bonyeza paipu ya juu ya rejeta kwa mkono. Injini baridi paipu inatakiwa iwe laini. Ikiwa imekaza na gari imelala usiku kucha, ile ni presha iliyobaki ya moto wa silinda unaoingia kwenye maji. Ondoka, usiulize bei.

Ikiwa laini, fungua kifuniko cha rejeta, ikiwa bado baridi! Jaza maji mpaka mdomoni, washa, subiri. Povu moja mbili za mwanzo ni hewa iliyokuwamo. Povu ndogo ndogo zisizokwisha, na zinaongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi. Nusa hayo maji, yatanuka moshi. Kisha vuta kijiti cha oili na tazama chini ya kifuniko cha oili: ukiona utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimeshakutana.

#27 Mzee wa CE
Ongeza: kagua kama themostati imo, na uulize mkanda umebadilishwa lini. Asipojua, hesabu haujabadilishwa, toa hiyo pesa kwenye bei. Na angalia kifuniko cha rejeta chenyewe. Kile si kizibo tu, kina springi inayozuia presha ili maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Watu wanafunga kifuniko chochote kinachoingia, springi imekufa, maji yanachemka mapema, halafu lawama zote zinapewa hedi.

#28 Fundi Pampu
Na skrubu. Tazama rangi na alama nyuma ya pampu kabla hujatazama jengine lolote.

#29 Mpemba wa Mjini
Ukishainunua ondoa yale mapaipu ya hita ya nyuma, yaunganishe karibu na injini. Kisha ipandishe pua kwenye mlima, jaza maji taratibu huku mtu anaminya minya paipu mpaka hewa yote itoke. Huko kwetu mlima si wa kutafuta.

#30 Fundi Hedi
Akifanya yote hayo itakaa muda mrefu, hilo silikatai. Lakini injini inayotaka masharti yote hayo ili isipasuke, mie naendelea kusema mchoro wake una upungufu. 2L za HiAce zinachapwa vile vile, zinatiwa maji yale yale ya Bi Mkubwa.

#31 Dereva wa Shamba
Na mie naendelea kusema, kwenye HiAce hata ukiikalia injini, ina nafasi ya kupumua. Itoe 2C-T iweke mbele kwenye Corolla, mpe Bi Mkubwa aitie maji ya mvua, halafu uje uniambie.

#32 Kipanga wa Bububu
Ngalawa, hiyo 2C ya mashua ukiiuza niambie. Na giaboksi umefunga ya gari ile ile au ya baharini? Maana nina kimashua Bububu nacho kinataka injini.

#33 Ngalawa ya Micheweni
Haiuzwi. Giaboksi ni ya gari, ila nimefunga gia ya mwisho na kinyumenyume tu, na shafti imepata beringi ya msukumo nyuma yake, bila hiyo giaboksi ya gari inakula yenyewe. Fungua uzi wake, nitaweka picha.